Diski Kumi na Mbili Zilizopakwa Mafuta

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025. Asubuhi hiyo Voi iliamka na joto lililobaki tangu jana, upepo wa vumbi kutoka upande wa mbuga, na wingu moja juu ya kilima cha Sagalla. Wingu hilo lilikuwa likituahidi mvua tangu mwezi wa tisa. Tulikuwa tunalisalimu kwa heshima na kuendelea na shughuli zetu, kama tunavyomfanyia mwanasiasa.

Naanza na tarehe na hali ya hewa kwa sababu Mwalimu Sylus alitufundisha kwamba kila ripoti ya hitilafu huanza hivyo, maana joto huua mashine. Siku hiyo hitilafu zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ndani ya seva ya chuo. Ya pili ilikuwa mimi, nikiwa na ndoo mkononi.

Jina langu ni Wakesho, lakini hapa Kaloleni wote wananiita Mama Mable, kwa binti yangu wa kwanza. Niliacha shule darasa la saba huko Mwanda. Kwa miaka minane nimepiga deki katika Chuo cha Jioni cha Neema, na kwa miaka miwili ya mwisho nimepiga deki mpaka saa kumi na moja jioni, nikafungia ndoo stoo, nikakausha mikono, nikaingia darasa lilelile kusomea ufundi wa kompyuta. Nina miaka hamsini na tatu. Wenzangu wakiniuliza naona faida gani, huwa nawaambia kwamba angalau mimi najua sakafu ya darasa ni safi.

Darasani tuko kumi na tisa. Kazi zetu zote za miaka miwili, yaani picha, video na ripoti za kila tulichofungua, tulichotengeneza na tulichoharibu, zimo ndani ya seva ya chuo. Mtathmini kutoka Nairobi alikuwa anakuja kesho yake, Jumatano saa tatu asubuhi, kufungua faili ya kila mmoja wetu na kusema huyu amefuzu, huyu bado. Faili ikikosekana, miaka miwili ya mtu imekosekana nayo, na anarudi kuanza upya Januari.

Mtu atauliza habari za nakala ya akiba. Ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya seva hiyohiyo, katika folda iliyoandikwa NAKALA YA AKIBA kwa herufi kubwa, ili isipotee.

Saa tisa alasiri nilikuwa nafagia korido nikasikia seva inalia, mlio mwembamba wa kukatakata, kama kifaranga aliyeachwa nje. Kabla sijafika mlangoni, simu yangu ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa kundi la darasa: "Njooni mapema. Leo tuna somo la vitendo. Mwl. Sylus." Hivyo ndivyo Mwalimu Sylus anavyotangaza msiba.

Mwalimu Sylus ni kijana wa miaka ishirini na nane, mwenye koti la suti katika joto la Voi na vyeti vya kila kitu isipokuwa cha kusema "sijui". Ni mwalimu mzuri. Ninamaanisha hivyo. Kila nilichoandika katika daftari langu nimekitoa kinywani mwake, na ndiyo sababu daftari hilo lilikuja kumsumbua.

Kufikia saa kumi na nusu tulikuwa tumejaa katika chumba cha seva, watu kumi na wawili katika nafasi ya watu wanne. Mbele yangu alisimama Mzee Mwangangi, mwenye miaka sitini na sita, aliyefanya kazi ya ishara za reli katika stesheni ya Voi kwa miaka thelathini. Pembeni alikuwa Mwende, mwenye saluni karibu na soko, ambaye hata akija kwenye somo la vitendo huja amejipamba kama anakwenda kuposwa.

"Wapendwa," Mwalimu Sylus alisema, "diski moja imekufa."

"Pole kwa familia," Mzee Mwangangi akajibu.

"Mzee, tafadhali. Seva yetu ina nafasi kumi na mbili, na kila nafasi ina diski. Data yetu imegawanywa katika diski zote. Ikifa moja, zile kumi na moja zinaweza kukumbuka zilichopoteza. Zikiondoka mbili, hakuna anayekumbuka chochote. Mmenielewa?"

Tulielewa.

"Sasa hivi hakuna cha kuhofia," akaendelea. "Diski mpya hii hapa. Tunatoa mbovu, tunaingiza nzima. Dakika tano."

"Na ukitoa nzima ukidhani ni mbovu?" Mzee Mwangangi aliuliza.

"Haiwezekani."

"Nimeuliza ukitoa."

"Basi zitakuwa zimeondoka mbili," Mwalimu alisema, kwa sauti ya mtu anayeeleza jinsi watu wengine hupata ajali.

Niliiangalia seva. Kwa mbele ina vijimlango kumi na viwili vya trei za kubebea diski, safu nne zenye vitatu vitatu, na kila mlango una taa ndogo. Taa zote kumi na mbili zilikuwa kijani. Hata ya marehemu ilikuwa kijani. Kuna taa nyingine ya buluu ambayo kazi yake ni kuwaka ukiiamuru, ili ikuonyeshe diski unayoitafuta iko wapi. Mwalimu aliiamuru mara tatu. Lakini seva yetu ni ya msaada, tulipewa na watu waliokuwa wamemaliza kuitumia, na walikuwa wameitumia mpaka taa za buluu zikaisha.

"Hatuhitaji taa," Mwalimu Sylus alisema. "Tuna ramani."

Ramani ilikuwa ukutani. Karatasi nzuri iliyofunikwa plastiki, yenye miraba kumi na miwili, na katika kila mraba nambari ya diski, ile inayochapishwa kiwandani. Chini kulikuwa na sahihi ya Mwalimu Sylus na muhuri wa chuo. Kompyuta ilisema diski iliyokufa ni ile ambayo nambari yake inaishia na 7K4. Ramani ilisema 7K4 iko nafasi ya tano.

Mimi peke yangu katika chumba kile nilijua kwamba ramani ile ilikuwa sahihi kwa siku moja tu, na siku yenyewe haikuisha.

Lazima nieleze. Seva ilipofika, Januari mwaka jana, Mwalimu Sylus aliipanga vizuri, akaandika ramani yake, akaizima ili kesho yake iwekwe wakfu. Mkuu wa chuo, Mchungaji Festus, ni mtumishi wa Mungu asiyependa kufanya jambo nusu. Alitazama seva, akauliza kuna nini ndani. Akaambiwa diski kumi na mbili. Kumi na mbili! Mchungaji akasema hiyo si bahati tu, na kwamba kuombea sanduku kwa nje ni kama kuombea mgonjwa ukiwa umesimama barabarani. Kila diski itolewe, kila diski iombewe, kila diski ipakwe mafuta.

Basi zilitolewa. Wageni kumi na wawili walipewa kila mmoja diski yake. Waliziinua juu wakati wa wimbo. Walipigwa picha wakiwa wamezishika kifuani, kama watoto wa kubatizwa. Mgeni wa heshima, ambaye ni mheshimiwa wa kitu fulani, yake ilimponyoka ikagonga saruji kwa kona. Akaiokota, akaipangusa kwa tai, akasema, "Chuma hakiumii," na watu wakapiga makofi, kwa sababu alikuwa ameleta mahema.

Kisha pilau ikaitwa. Hakuna nguvu duniani inayoweza kuwazuia wageni wa Mchungaji Festus pilau ikiitwa. Diski kumi na mbili ziliachwa juu ya meza, kwenye kitambaa cheupe cha Umoja wa Akina Mama, na mwenye kitambaa, dada yetu Nzembi, alikuwa amesema mara mbili kwamba anakitaka kabla ya saa kumi, hakina doa. Mwalimu Sylus alikuwa nje akipigwa picha na mheshimiwa. Mimi nilikuwa na kitambaa cha kupangusia. Niliona mafuta yameanza kutafuta njia ya kushuka kwenye kitambaa cha Nzembi.

Nilizipangusa. Nikazirudisha kwenye seva, moja moja, zikaingia tk, tk, tk, vizuri kabisa. Nilizipanga kama ninavyopanga vikombe: zilizo safi juu, zenye mafuta mengi chini, na ile iliyobonyea kona nikaificha chini kabisa, isionekane. Nilijisikia nimefanya kazi ya Mungu. Kitambaa kilifika kwa Nzembi saa kumi kasorobo.

Jioni Mwalimu aliwasha seva, nayo ikaamka bila kulalamika. Hilo ndilo jambo lililonidanganya. Nilielewa miezi tisa baadaye, katika somo la tisa, aliposema maneno niliyoyapigia mstari kwa kalamu nyekundu: "Diski ina jina lake ndani yake. Nafasi ni chumba cha kupanga tu. Seva inamjua mpangaji, haijali analala chumba gani." Nilitazama ramani ukutani. Seva ilikuwa inajua. Ramani ndiyo ilikuwa haijui.

Ningesema siku ile, ingekuwa kazi ya dakika kumi. Sikusema. Niliombea. Kwa mwaka mzima nimeliombea jambo lile kwa bidii ya ajabu. Nimefunga Ijumaa tatu. Nimemwomba Bwana azilinde diski zote kumi na mbili, kila moja kwa nambari yake, mahali popote ilipo. Nilimpa Mungu kila kazi isipokuwa ile ambayo ingenilazimu mimi kufungua mdomo.

Basi Jumanne hiyo niliomba ruhusa, nikaenda stoo, nikapiga magoti kati ya ndoo na mafagio.

"Bwana," nilisema, "waweza kuihamisha 7K4 iende nafasi ya tano. Kwako si kitu."

Bwana alinyamaza. Nimemjua kwa muda wa kutosha kufahamu kimya chake cha kufikiri na kimya chake cha kunisubiri. Hiki kilikuwa cha pili.

Niliporudi, Mwalimu Sylus alikuwa amevua koti. Kidole chake kilikuwa kwenye komeo la mlango wa tano.

"Mwalimu," nilisema, "usivute."

"Mama Mable, kwa nini? Umeota?"

"Sijaota. Hiyo si 7K4."

"Ramani inasema ni 7K4."

"Ramani inadanganya. Si kosa lake. Ni kosa langu."

Mzee Mwangangi aligeuka mzima mzima. "Haya. Niachieni nafasi nisikie vizuri."

Nikasema yote. Mafuta, pilau, kitambaa, vikombe. Nikasema na habari za mwaka mzima wa kunyamaza.

Mwalimu Sylus alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha pua. "Mama yangu, wewe ulikuwa unapiga deki siku hiyo. Diski si vikombe. Nani angekuruhusu kuzigusa?"

"Hakuna aliyeniruhusu. Hakuna aliyenikataza pia. Mlikuwa mnakula."

"Nilizirudisha mimi mwenyewe."

"Lini, Mwalimu?"

Niliona akitafuta kumbukumbu hiyo na kukuta mahali pake picha yake na mheshimiwa.

Wakati huo Mchungaji Festus aliingia, kwa kuwa alisikia kelele, na kelele katika chuo chake humaanisha ama uamsho ama uharibifu. Alielezwa. Akatafakari akiwa amefumba macho.

"Siku ile nilikuwepo," alisema. "Mambo yote yalifanyika kwa utaratibu. Roho ni Roho wa utaratibu. Siamini diski zilizoombewa zinaweza kupotea njia."

"Hazikupotea, Mchungaji," nikasema. "Nilizihamisha."

"Basi tupige kura," alisema Mchungaji.

Na ninawaambia kweli, walipiga kura. Watu wazima wanaosomea ufundi walinyoosha mikono kuamua ni chuma kipi kimekufa. Nafasi ya tano ilipata kura saba. Wanne walisema hawajui. Mimi nilipata kura moja, yangu, na Mzee Mwangangi hakuwa upande wangu wala wao. Alisema treni haipigiwi kura.

"Kwa hiyo walio wengi wameamua," alisema Mwalimu Sylus, na kidole kikarudi kwenye komeo.

"Ngojeni!" Mwende alikuwa anapekua simu yake, kucha zikigonga kioo. "Niliimba kwaya siku hiyo. Nina picha mia mbili. Picha hizi sikuzifuta kwa sababu nilikuwa nimesuka vizuri... Huyu hapa nani?"

Ilikuwa picha ya Mwende mwenyewe, akitabasamu mbele ya meza ya pilau. Nyuma yake, kupitia mlango ulio wazi, alionekana mwanamke aliyeinama mbele ya seva, na kitambaa begani, diski mbili chini ya kwapa moja na ya tatu mkononi. Sura haikuonekana. Hakuna aliyehitaji sura. Sketi ile ndiyo niliyokuwa nimevaa hata Jumanne hii.

"Chini ya kwapa," Mwalimu Sylus alinong'ona, kama mtu aliyeona Biblia ikitumika kuzuia mlango.

Alitoa kidole kwenye komeo. Akakaa juu ya boksi la diski mpya, akashtuka, akainuka, akakaa sakafuni. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimwona kijana mdogo aliyechoka.

"Basi hatujui," alisema. "Iko mojawapo ya nafasi kumi na mbili, na hatujui."

"Zima mashine, toa zote, soma nambari," Mzee Mwangangi alisema.

"Mara ya mwisho ilizimika kwa umeme kukatika, Aprili. Ilichukua siku nne kuamka. Mtathmini ni kesho."

"Na nambari haisomeki bila kuvuta?"

"Imebandikwa ubavuni. Lazima uvute."

Mzee Mwangangi akaufuta uso wake kwa mkono. "Mwalimu, mimi nina sitini na sita," alisema taratibu, bila utani. "Kuanza upya Januari, nyinyi mnaweza. Mimi mwaka mwingine sijaonyeshwa kama ninao."

Hapo ndipo nilipofungua daftari langu. Somo la kumi na moja, ukurasa wa arobaini na mbili. "Mwalimu, ulisema hivi: 'Diski ikisomwa, taa yake hupepesa. Isiposomwa, hutulia.'"

"Nilisema. Lakini iliyokufa haisomeki. Haitapepesa."

"Hiyo najua. Zingine kumi na moja je?"

Alinitazama. Akatazama seva. Niliona wazo likimwingia kwa aibu kidogo, kwa kuwa lilikuwa wazo lake mwenyewe, limevaa nguo zangu.

"Tunawaita wazima kwa majina yao," alisema polepole. "Moja moja. Kila anayejibu tunamwandika mlangoni. Atakayebaki bila jina..."

"Ndiye marehemu," Mzee Mwangangi akamalizia, na tayari alikuwa amevuta kiti mbele ya seva. "Ondokeni kwenye mwanga wangu. Mimi nimeangalia taa miaka thelathini na sijawahi kugonganisha treni."

Mwende alitafuta utepe wa karatasi na kalamu nzito. Mwalimu Sylus akakaa kwenye kibodi. Mimi nikapewa karatasi ya nambari zote, ambayo kompyuta iliichapa upya. Hakuna aliyeitazama ramani ya ukutani, ila mimi niliitupia jicho, nayo ilikuwa inang'aa kwa plastiki yake kama mtu ambaye hajasikia habari.

"Ya kwanza," nikasoma. "Inaishia 2R9." Kwa ramani, 2R9 ilikuwa nafasi ya kwanza.

Mwalimu alibonyeza. Tukangoja. Taa ya nafasi ya kwanza ilitulia tuli. Kule chini, safu ya tatu upande wa kulia, nyingine ikaanza kupepesa kama jicho lenye vumbi.

"Tisa!" Mzee Mwangangi akapaza sauti. "Nafasi ya tisa inapepesa! Simamisha!"

Mwalimu akasimamisha. Taa ikatulia.

"Rudia."

"Mzee, tumeshaona."

"Kijana, ishara moja ni bahati. Rudia."

Akarudia. Tisa ikapepesa tena. Mwende akabandika utepe: 2R9.

Shingo ya Mwalimu Sylus ilibadilika rangi. Ya pili ilijibu kutoka nafasi ya sita. Ya tatu kutoka ya saba. Ya nne, kwa mshangao wa wote, ilikuwa mahali pake kwenye ramani, na Mwalimu akainua kichwa kwa matumaini.

"Hata saa iliyokufa husema kweli mara mbili kwa..." Mwende alianza.

"Nyamaza, bandika," nikamwambia.

Kisha ikafika 5C1. Mwalimu alibonyeza, na taa ya nafasi ya tano ikaanza kucheza. Nzima. Yenye afya. Inasoma kwa furaha. Ile ambayo kidole chake kilikuwa kwenye komeo lake dakika arobaini zilizopita, kwa wingi wa kura.

"Tano," alisema Mzee Mwangangi. Hakupaza sauti. "Nafasi ya tano inapepesa."

Mtu nyuma yangu akasema, "Yesu," na halikuwa tusi. Waliokuwa wamenyoosha mikono walianza kuchunguza viatu vyao. Mchungaji Festus alitazama saa yake, akakumbuka kikao, kisha akaona kwamba mlango umezibwa na wanafunzi, akabaki.

Tulimaliza saa kumi na mbili kasoro kidogo. Milango kumi na mmoja ilikuwa na utepe. Mmoja ulikuwa mtupu: nafasi ya kumi na moja, safu ya chini kabisa. Mwalimu aliiita 7K4 kwa jina mara mbili. Hakuna taa iliyojibu popote.

"Mama Mable," alisema, "njoo uvute wewe."

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyeiingiza."

Nilifuta mikono kwenye sketi. Nikafungua komeo. Nikavuta taratibu, nikihesabu pumzi. Seva haikubadilisha mlio wake. Niliigeuza diski ubavu, nikaiinua mbele ya macho ya wote. Nambari iliishia 7K4. Na kona ya trei yake ilikuwa imebonyea, na ndani ya mbonyeo palikuwa na mafuta yaliyoganda, meusi kwa vumbi.

"Chuma hakiumii," Mzee Mwangangi alisema.

Kila mtu alimtazama Mchungaji. Mchungaji aliitazama dari.

"Kwa kweli," akasema hatimaye, "yule mheshimiwa sikumwalika mimi."

Mwalimu alichukua diski mpya. Kabla hajaifungua, alisoma nambari yake kwa sauti, Mwende akaiandika kwenye utepe, nikaiandika kwenye daftari, Mzee Mwangangi akataka irudiwe, ikarudiwa. Mchungaji Festus akanyoosha mikono miwili.

"Nipeni kidogo niishike, niiombee kabla haijaingia."

"Hapana!" Chumba kizima kilisema kwa sauti moja. Kwaya yetu haijawahi kupatana hivyo.

"Mchungaji," nikasema kwa heshima, "utaiombea ikiwa ndani. Bwana anaona kupitia mlango."

Ikaingia. Tk. Taa yake ikawaka, ikaanza kupepesa, na kwenye kompyuta ikatokea: inajenga upya, asilimia moja. Mlio ukakatika. Kimya kile kilikuwa kizuri kuliko nyimbo nyingi nilizowahi kuimba. Mzee Mwangangi akaomba kufunguliwa faili yake. Ikafunguka. Picha ya kwanza ilikuwa yake, ameshika bisibisi kama bendera. Aliitazama kwa muda mrefu, akatoa leso, akasema ni vumbi la Oktoba.

Yangu ilikuwepo pia. Zote kumi na tisa zilikuwepo. Mwende akazinakili kwenye diski ndogo ya kubeba mkononi, ambayo mchana kutwa hakuna aliyeikumbuka, akaitia kwenye mkoba wake wa saluni, ambao hakuna mtu anayethubutu kuugusa.

Nilidhani tumemaliza. Nikageuka kutafuta ndoo yangu, maana watu kumi na wawili huchafua sana. Lakini Mwalimu Sylus alikuwa amesimama mbele ya ramani. Aliing'oa ukutani, plastiki na muhuri na sahihi, akaikunja mara mbili kwa shida, kwa sababu plastiki haipendi kukunjwa.

"Nilitaka kuvuta ya tano," alisema, akiwa ametugeuzia mgongo. "Nilikuwa na hakika." Kisha akatugeukia. "Naahidi mbele yenu, na mbele ya Mchungaji. Sitavuta tena kitu kwa kuambiwa na karatasi ambayo sikuihakiki, hata kama karatasi ni yangu. Hasa kama ni yangu."

"Shahidi nimesikia," alisema Mzee Mwangangi. "Rudia."

Akarudia. Mchungaji akasema amina kwa sauti kubwa, kama mtu anayetumaini kwamba zamu yake haitafika. Lakini Mzee Mwangangi hakuwa anamtazama Mchungaji. Alikuwa ananitazama mimi.

"Na wewe, Mama Mable? Mwaka mzima ulikaa na hii, na faili yangu ikiwa humo ndani."

Hakusema kwa ukali. Heri angesema kwa ukali.

Niliweka ndoo chini. Nimeshatoa ushuhuda kanisani mara nyingi, na huko mtu husimulia dhambi za zamani zilizokwisha kupoa. Hii ilikuwa bado ya moto. Nilisimama kati yao, mbele ya taa kumi na mbili za kijani, kila moja na jina lake mlangoni.

"Mimi, Wakesho," nilisema, "naahidi mbele ya Mungu na mbele yenu: nikigusa kitu nisichokijua, nitasema nimekigusa, siku hiyohiyo, kwa mwenye nacho, kabla sijakiombea. Hata kama Nzembi amesimama mlangoni anadai kitambaa chake."